Ileamu ikijifunga fundo kwenye sigmoidi: kutambua mapema na kutibu

Mtu mzima akifika hospitali na tumbo lililojaa, hapati choo wala kutoa hewa, katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki atashukiwa kwanza kuwa sigmoidi, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya rektamu, imejisokota. Mara nyingi shaka hiyo huwa sahihi. Mwongozo huu unamhusu mwenzake adimu, anayefanana naye kwa picha lakini hafanani naye kwa kasi: ileamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, inapoizunguka sigmoidi na kufunga fundo. Parker aliueleza ugonjwa huu mwaka 1845. Moja ya ripoti kubwa za mwanzo ilitoka Uganda, ambako Shepherd alichapisha habari za wagonjwa 92 mwaka 1967. Kwa hiyo ni adimu duniani, ila kwetu si mgeni.

Mwongozo umewalenga matabibu, wauguzi na madaktari wa kituo cha afya na hospitali ya wilaya, pamoja na timu ya upasuaji itakayompokea mgonjwa.

Fundo hutokeaje

Mambo matatu hukutana. La kwanza, utando unaoushikilia utumbo mwembamba ni mrefu, hivyo utumbo unatembea kwa uhuru tumboni. La pili, sigmoidi ni ndefu na shina lake ni jembamba, kiasi kwamba kitu kinaweza kulizunguka. La tatu, mlo mzito wenye wanga na nyuzi nyingi, pamoja na kinywaji kingi, unaingia kwenye tumbo lililokuwa tupu. Jejunamu, sehemu ya utumbo mwembamba iliyo kabla ya ileamu, hujaa kwanza, inakuwa nzito na kuangukia chini kushoto. Ileamu ambayo bado ni tupu inavutwa na kuzunguka shina la sigmoidi, kisha mikazo ya kawaida ya utumbo inazidi kulikaza fundo.

Ndiyo maana maumivu mengi huanza usiku wa manane au alfajiri, saa chache baada ya chakula cha usiku, na ndiyo maana ugonjwa umeripotiwa kwa watu wanaokula mlo mmoja mkubwa kwa siku na kwa waliomo katika mfungo wa Ramadhani. Wengi ni wanaume watu wazima. Wanawake nao hupata, wajawazito wakiwemo, na kwa mjamzito maumivu hudhaniwa kwa urahisi kuwa uchungu wa uzazi.

Fundo linatengeneza vyumba viwili vilivyofungwa huku na huku: kimoja cha ileamu, kingine cha sigmoidi. Mishipa inayorudisha damu hubanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini, ilhali ile inayopeleka damu bado inasukuma. Damu na maji huingia utumboni visitoke. Mgonjwa anapoteza lita kadhaa ndani ya tumbo lake mwenyewe bila tone kuonekana nje, na utumbo unaweza kufa ndani ya saa 6 hadi 24. Katika ripoti nyingi zaidi ya nusu ya wagonjwa hukutwa utumbo umeshaoza, na sehemu nyingine ni robo tatu au zaidi.

Dalili: tumbo limejaa, lakini kutapika kumeanza mapema

Sigmoidi ikijisokota peke yake, tumbo huvimba sana, hulia kama ngoma ukiligonga, na mgonjwa huweza kukaa siku mbili tatu kabla ya kutapika. Wengi watakwambia iliwahi kuwatokea kisha ikaachia yenyewe.

Kwenye fundo mambo huenda kinyume. Maumivu ni ya ghafla na makali mno, kutapika kunaanza ndani ya saa chache, na tumbo linavimba kwa kiasi tu, mara nyingine upande mmoja kuliko mwingine. Historia ya nyuma kwa kawaida haipo. Sababu ni kwamba utumbo mwembamba nao umeziba, na ukiziba huo kutapika hakuchelewi.

Uliza saa kamili maumivu yalipoanza, alikula nini na saa ngapi, na mara ya mwisho kutoa hewa ilikuwa lini. Choo kimoja baada ya maumivu kuanza kisikutulize. Ni kile kilichokuwa chini ya fundo. Kagua pia kinena pande zote mbili uone kama kuna ngiri iliyonasa, na makovu ya upasuaji wa zamani, maana hizo ndizo sababu za kawaida zaidi za utumbo mwembamba kuziba. Pima kwa kidole njia ya haja kubwa: ukikuta tupu ni kawaida, ukikuta damu nyeusi yenye ute chukulia utumbo unakufa.

Dalili: hali ni mbaya kuliko tumbo linavyoonekana

Huyu ndiye anayekosewa. Tumbo halijavimba sana, bado ni laini, halafu mapigo ni 130, mikono ya baridi, namba ya juu ya presha iko chini ya 90 na mkojo hakuna. Mtu anaandika malaria kali au sumu ya chakula, dripu moja inatundikwa, na saa nne zinapita.

Shoku inayokuja mapema, isiyolingana na ukubwa wa tumbo, inasema kuna damu na maji vilivyofungiwa mahali. Tumbo likikaza, likauma unapouachia mkono ghafla na milio ikapotea, utumbo umeshakufa au umetoboka. Usisubiri dalili hizo ndipo uamini. Chembe nyeupe zikipanda au lakteti ikizidi 2 mmol/L inaongeza uzito, ila majibu ya kawaida hayamwondolei mgonjwa hatari. Kipimo cha malaria kikiwa chanya kwenye eneo lenye malaria nyingi hakielezi kwa nini hatoi hewa.

Dalili: picha inasema utumbo mpana, mgonjwa anasema utumbo mwembamba

Hapa ndipo ugonjwa hujitangaza. Piga eksirei ya tumbo akiwa amelala na nyingine akiwa amesimama au ameketi, na ya kifua kuangalia hewa chini ya kiwambo. Kabla ya kusoma jina la ugonjwa, soma vyumba: utumbo mwembamba una mistari inayokatiza upana wote na huhesabika umetanuka ukipita sm 3, utumbo mpana una mikunjo isiyofika upande wa pili na kipimo chake ni sm 6, sikamu (mwanzo wa utumbo mpana) sm 9.

Kwenye fundo utaona kitanzi kikubwa cha sigmoidi, mara nyingi kimevutwa kuelekea kulia au katikati, pamoja na ngazi nyingi za hewa na maji za utumbo mwembamba, hasa kushoto. Umbo la punje ya kahawa, alama inayojulikana ya sigmoidi iliyojisokota, linaweza kuwepo, na hilo ndilo linalowapotosha watu: wakiliona wanaacha kutazama mengine.

Hesabu mambo matatu: dalili za utumbo mwembamba kuziba, picha inayoonyesha zaidi utumbo mpana kuziba, na mrija wa kutoa hewa usiopita kwenye sigmoidi. Yakikutana yote, lichukulie ni fundo mpaka tumbo likifunguliwa lithibitishe vinginevyo. Yakikutana mawili kwa mgonjwa aliye katika shoku, mimi nisingengoja la tatu.

CT, yaani picha za tumbo za vipande kwa kompyuta, husaidia pale ilipo na mgonjwa ametulia. Inaonyesha utando na mishipa vilivyozunguka kama maji ya kimbunga, sikamu na koloni (utumbo mpana) inayoshuka zikiwa zimevutwa katikati, na mishipa ya utumbo mwembamba ikielekea shina la sigmoidi. Kumsafirisha saa tatu kwa ajili ya picha tu, kisha kumrudisha kwa upasuaji, ni kumpotezea muda aliokuwa nao.

Dalili: mrija hauingii, au umeingia na hakuna kilichobadilika

Kwa sigmoidi iliyojisokota bila dalili za kuoza, kutoa hewa kwa sigmoidoskopu, yaani bomba la kutazama ndani ya sigmoidi, na mrija laini ni tiba nzuri ya kwanza. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, mrija hupakwa mafuta ya kutosha na kusukumwa taratibu hadi pale palipojisokota. Hewa na choo cha maji hutoka kwa nguvu, tumbo linashuka, maumivu yanapungua papo hapo. Mrija hufungwa pajani na kuachwa kwa saa 24 hadi 48.

Sasa soma kinachotokea kwako:

– Mrija unagonga ukuta na kurudi. Mzunguko umebana kupita kiasi au kuna fundo. Usiongeze nguvu, ukuta uliovimba na kukosa damu hutoboka kirahisi.
– Yanatoka maji ya damu au harufu ya kuoza, au utando wa ndani unaonekana wa zambarau au mweusi. Chomoa, mpeleke kwenye upasuaji.
– Hewa kidogo imetoka, lakini maumivu, kutapika na mapigo viko vilevile. Umeigusa sigmoidi tu. Ileamu bado imefungwa. Kosa hili ni baya kwa sababu kila mtu wodini anapumua akidhani kazi imekwisha. Mgonjwa wa sigmoidi ya kawaida anakuwa mtu mwingine dakika chache baada ya hewa kutoka. Asipobadilika ndani ya saa moja, mpe jina jingine la ugonjwa.

Mwenye tumbo lililokaza hapitishwi mrija hata kidogo. Wala bomba la kutoa choo, dawa ya kuharisha au metoklopramidi, kwa kuwa vyote vinausukuma utumbo dhidi ya mlango uliofungwa. Nyumbani mara nyingi ameshapewa bomba au dawa ya mitishamba. Uliza bila kufoka, ili akwambie ukweli.

Kumtayarisha: saa moja au mbili, si usiku mzima

Mambo haya hufanyika pamoja, na watu wawili au watatu wanatosha.

Weka kanula mbili kubwa, namba 16 au 18. Toa damu ya makundi na kuoanisha, uniti 2 kwa kuanzia, wingi wa damu, kreatinini, sodiamu na potasiamu. Anza dripu ya Ringer's lactate (RL) mililita (mil) 500 haraka, pima tena, rudia. Mtu mzima aliye katika shoku huhitaji lita 1 hadi 2 au zaidi kabla ya kulala mezani. Mtoto mpe mil 10 hadi 20 kwa kilo, ukipima kila baada ya dozi. Sikiliza mapafu kati ya dozi. Presha isipopanda baada ya maji ya kutosha, anza noradrenalini au adrenalini kwa kipimo kulingana na ulichonacho.

Mpira wa puani namba 16 au 18, uachwe wazi kwenye mfuko na kuvutwa kwa sirinji kila saa. Mpira wa mkojo. Lengo ni mil 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani mil 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Mkojo ndio utakaokwambia kama maji yametosha, kuliko presha.

Seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa na metronidazoli mg 500 kila saa 8. Jentamaisini iache kama figo hazijaanza kutoa mkojo. Maumivu yatibiwe: mofini mg 2 hadi 3 polepole kwenye mshipa, urudie ukimwangalia. Ile hofu ya kuficha dalili imepitwa na wakati. Diklofenaki haifai hapa, inaziumiza figo zilizokauka. Kichefuchefu mpe ondansetroni mg 4. Potasiamu ikiwa chini na mkojo umeanza kutoka, ongeza mmol 20 katika lita, isipite mmol 10 kwa saa bila mashine ya kuangalia moyo.

Ukimpa rufaa, piga simu kabla gari halijaondoka. Barua iwe na saa maumivu yalipoanza, maji aliyopewa, mkojo uliotoka, dawa na saa zake, na maneno haya waziwazi: nashuku ileamu imefunga fundo na sigmoidi, mrija haukupita. Neno “kuziba kwa utumbo” peke yake litamweka kwenye foleni. Muuguzi aende naye, na mpira wa puani usibanwe njiani.

Mezani

Mtoa usingizi avute mpira wa puani mwenyewe kabla ya kuanza; tumbo hili daima limejaa. Usingizi wa kuingizwa haraka na mrija wa hewa ndio njia. Ketamini ipunguzwe kwa aliye katika shoku, mg 0.5 hadi 1 kwa kilo. Sindano ya mgongo isitumike kwa mgonjwa wa namna hii, presha itaporomoka.

Pasua katikati, mpasuo mrefu. Maji ya damu yenye harufu yatakutangulia, kisha vitanzi vyeusi ambavyo mwanzoni havisomeki. Usivute kimoja kimoja kutafuta mwisho wake. Pitisha mkono taratibu hadi kwenye shingo ya fundo, ujue nini kinazunguka nini. Mgawanyo wa Alver na wenzake wa mwaka 1993 unasaidia: aina ya kwanza, iliyo nyingi zaidi, ileamu inaizunguka sigmoidi, ya pili, sigmoidi inaizunguka ileamu, ya tatu, ni eneo la ileamu na sikamu linaloizunguka sigmoidi, na zipo zisizoeleweka.

Utumbo umekufa: usilifungue fundo. Ndani ya vitanzi hivyo kuna bakteria, potasiamu na asidi vilivyokuwa vimefungiwa. Ukilegeza, vyote vinaingia kwenye mzunguko wa damu kwa mara moja. Ukuta wenyewe pia unachanika mkononi na kumwaga kinyesi. Bana kwanza mishipa kwenye mashina yote mawili, kisha bana ileamu huku na huku na sigmoidi huku na huku kwenye sehemu zenye uhai, ukate na kutoa vyote kama donge moja. Sigmoidi ikiwa kubwa hadi huoni shina, toa hewa kwa sindano nene iliyounganishwa na mashine ya kufyonza, ukiichoma kwa mshazari, na ufunge tundu kwa mshono wa mduara. Maji yakihitaji kutoka, toboa sehemu iliyokufa ambayo utaitoa, ukiizungushia vitambaa.

Utumbo una shaka: ufunike kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, oksijeni iwe ya kutosha, kisha tazama rangi, mng’ao, mikazo na mapigo ya mishipa ukingoni. Usiugeuzegeuze katikati ya muda huo.

Utumbo wote uko hai: punguza hewa, halafu fungua fundo polepole. Ukiishia hapo, sigmoidi ileile ndefu inabaki. Mgonjwa akiwa imara, ni bora sigmoidi itolewe.

Presha ikianguka ghafla baada ya kulegeza: bana tena shina mara moja, sukuma maji na dawa ya kupandisha presha, na angalia mchoro wa moyo. Mawimbi ya T yakichongoka, kalsiamu glukoneti ya 10%, mil 10 polepole kwenye mshipa, haingoji majibu ya maabara.

Kuunga sasa. Ileamu huungwa ncha kwa ncha endapo zimebaki angalau sm 10 zenye afya kabla ya sikamu. Pungufu ya hapo damu ya kipande kile ni ya kutilia shaka na mshono huvuja. Unga ileamu kwenye sikamu au koloni inayopanda. Upande wa sigmoidi, mgonjwa aliye katika shoku, mwenye kinyesi tumboni au aliyekaa saa nyingi afanyiwe upasuaji wa Hartmann: ncha ya juu itolewe kwenye ngozi, ya chini ifungwe na kuwekewa uzi mrefu usioyeyuka ili ipatikane baadaye. Kuunga koloni papo hapo ni kwa yule aliye imara, mwenye ncha zinazotoka damu nyekundu na zisizovutana. Mwenye hali mbaya kabisa hafanyiwi kuunga chochote siku hiyo: toa kilichokufa, funga ncha, funika tumbo kwa muda, umrudishe mezani baada ya saa 24 hadi 48.

Kabla ya kufunga, pima kwa uzi urefu wa utumbo mwembamba uliobaki, ukifuata ukingo usio na mishipa. Ukiwa chini ya sm 200, matatizo ya utumbo mfupi yanatarajiwa.

Mambo yanayoharibika baadaye

Mapigo yanapanda siku ya 3 hadi ya 7, na homa au tumbo kujaa upya: fikiria mshono unaovuja kabla ya kufikiria malaria au kidonda. Kwa mgonjwa huyu kurudi mezani mapema ni salama kuliko kungoja.

Stoma, yaani ncha ya utumbo iliyotolewa kwenye ngozi, imekuwa nyeusi: angalia kwa tochi na bomba dogo la kioo la maabara lililopakwa mafuta. Weusi wa juu tu unaweza kungojwa. Ukishuka chini ya misuli ya tumbo, irekebishwe.

Mkojo hautoki ingawa presha ni nzuri: kwanza hakikisha mpira haujaziba, kisha maji, kisha kreatinini.

Anaharisha maji baada ya kuanza kula: ileamu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikirudisha chumvi za nyongo. Ondoa shaka ya maambukizi, halafu loperamidi mg 2 hadi 4 kabla ya chakula, na kolestiramini kama ipo. Kinachotoka kirudishiwe kwa maji ya chumvichumvi, si maji matupu, ambayo huzidisha upotevu wa sodiamu.

Ukitoa zaidi ya sm 60 za mwisho wa ileamu, vitamini B12 haitafyonzwa vya kutosha. Upungufu huchelewa kuonekana miaka kadhaa, kwa sababu ini lina akiba, kwa hiyo panga haidroksokobalamini mg 1 kwenye msuli kila miezi 2 hadi 3 kabla hajaondoka.

Barua ya kuruhusiwa itaje aina ya fundo, sm ngapi zilitolewa na ngapi zimebaki, kama mlango wa ileamu na sikamu upo, ncha ya chini ilifungwa wapi na kwa uzi wa rangi gani. Kuirudisha koloni ndani hufikiriwa baada ya miezi 3 hadi 6, na daktari atakayeifanya huenda asiwe wewe.